Kiziwi Aliyetendewa Uovu Asikilizwe

Wewe ukivamiwa usiku utafanya nini? Utapiga yowe. Majirani watatoka na fimbo na taa. Kesho yake utaeleza kila kitu mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Sasa mfikirie jirani yako kiziwi. Mbwa akibweka, hasikii. Mlango ukivunjwa, hasikii. Asubuhi akifika ofisini na kueleza kwa mikono, watu hutazamana na kusema, "Huyu hatumwelewi. Arudi nyumbani."

Maneno hayo ni mabaya. Mhalifu amemwumiza mara ya kwanza, na sisi tunamwumiza mara ya pili. Tena mhalifu akijua kwamba kiziwi hasikilizwi, atarudi.

Watu wenye ulemavu si wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa katika Tanzania, kati ya watu 100 wenye umri wa miaka 7 na kuendelea, 11 hivi wana ulemavu wa aina fulani. Wamo katika vijiji vyetu vya Mbulu na Hanang. Wanalima, wanachunga, wanakwenda kisimani na mnadani. Hatari zinazotupata sisi zinawapata na wao.

Wengine husema, "Kiziwi hawezi kutoa ushahidi." Si kweli. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inasema kuwa shahidi asiyeweza kusema anaweza kueleza mambo yake mahakamani kwa maandishi au kwa ishara. Ushahidi huo huhesabiwa sawa na ushahidi wa mdomo. Tena katika kesi ya kubaka, mahakama ikiridhika kwamba aliyebakwa anasema kweli, ushahidi wake peke yake unaweza kutosha. Mwaka 2010 Bunge lilitunga pia Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Basi sheria tunazo. Kinachokosekana ni njia ya kutoka nyumbani kwa kiziwi mpaka mahakamani.

Kwetu njia hiyo ni ngumu kwa sababu ya lugha. Mama anasema Kiiraqw au Kibarabaig. Polisi anaandika kwa Kiswahili. Kiziwi ambaye hakupata shule ana ishara za nyumbani, zinazojulikana na mama yake, ndugu zake na majirani tu. Mkalimani wa Lugha ya Alama akiletwa kutoka mjini, huenda asizielewe zote. Kwa hiyo kesi kama hiyo inataka watu wawili: mkalimani aliyefundishwa, na mtu wa karibu anayezijua ishara za nyumbani. Lakini mtu huyo wa karibu achaguliwe kwa uangalifu. Mara nyingine aliyetenda uovu ni wa nyumba hiyo hiyo. Je, mjomba anayeshukiwa ataeleza kweli inayomfunga mwenyewe?

Ziko namba za simu za msaada: 112 ya polisi, na 116 kwa mambo ya watoto. Ni namba nzuri. Lakini kiziwi ataongeaje na simu? Lazima awepo mtu wa kumpigia.

Maoni yangu ni haya. Tusingoje uovu utokee ndipo tuanze kutafuta mtu wa kueleza. Kila kijiji kiwajue mapema watu wake wenye ulemavu. Kila mmoja wao achague mwenyewe watu wawili anaowaamini, na mmoja awe wa nje ya nyumba yake. Siku ya shida watu hao waitwe mara moja. Mkutano mkuu wa kijiji unaweza kupitisha jambo hili kwa siku moja, bila fedha.

Kusimama pamoja na aliyekosewa si jambo geni kwetu. Kwa mila ya Wabarabaig wa Hanang, mwanamume akivunja haki ya mwanamke, wanawake huweza kukutana, kumhukumu na kumtoza ng'ombe. Mwanamke hasimami peke yake. Roho hiyo ni njema. Lakini faini ya ng'ombe haitoshi kwa kosa la kubaka. Hilo ni kosa la jinai, na kwa mtu mzima kifungo chake hakipungui miaka 30. Wazee wakila mbuzi wa faini na kuifunga habari, wamemwuza mtoto wao.

Basi mtu akibakwa, tufanye hivi. Asioge, wala nguo zake zisifuliwe. Apelekwe polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, apate fomu ya PF3. Afike hospitali kabla ya saa 72 kupita, yaani siku 3, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya aarifiwe, naye aombe mkalimani kwa CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania.

Halmashauri zetu nazo zina wajibu. Zitenge fedha za nauli na posho ya mkalimani. Askari na wauguzi wa Mbulu na Katesh wafundishwe Lugha ya Alama. Diwani akija kijijini, mwulize: fedha hizo ziko wapi?

Nasi wanakisomo tuna kazi. Kumbuka ulipokuwa hujui kusoma. Ulimpa mtu barua yako akusomee, nawe hukujua kama amesoma kweli au ameficha. Kiziwi yuko katika hali hiyo kila siku. Mwalike darasani. Jifunze ishara zake, naye ajifunze herufi zako. Mtu anayeweza kuandika jina la aliyemwumiza, hanyamazishwi kwa urahisi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Katika kijiji chetu kuna viziwi wangapi? Ni nani anayezijua ishara zao?
2. Kwa nini si vizuri ndugu mmoja tu amsemee kiziwi?
3. Tumwombe mwenyekiti alete jambo gani katika mkutano ujao wa kijiji?