Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo tuna neno juu ya mgeni mmoja, na juu yetu wenyeji tunaoikataa dawa.

Mgeni huyo ni Graham Greene, Mwingereza, mtunga vitabu, aliyeingia katika Kanisa Katoliki mwaka 1926. Alifika Kongo ya Wabeleji mwisho wa Januari 1959, majuma machache tu baada ya ghasia za Léopoldville za tarehe 4 ya mwezi ule. Akaenda Yonda, karibu na Coquilhatville, mji uitwao leo Mbandaka. Huko akakaa katika kijiji cha wagonjwa wa ukoma, kwa mapadri na kwa daktari Michel Lechat. Katika safari hiyo alipata kitabu chake A Burnt-Out Case, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1961.

Wako Wakristu wanaosema: «Mtu huyu amewatukana wamisionari, kitabu kitupwe.» Tunawauliza: mmekisoma? Katika kitabu hicho yumo Rycker, Mzungu msimamizi wa kiwanda cha mafuta ya mawese. Huyo alisoma kwa mapadri, hujaza kinywa chake maneno ya upendo wa Mungu, na nyumbani humtesa mke wake kijana. Yumo pia daktari Colin, asiyeamini Mungu, naye huosha na kutibu vidonda vya wakoma bila kuchoka. Je, hilo ni tukano? Injili yasema vivyo hivyo juu ya wana wawili: mmoja alisema «ndiyo» asiende, mwingine alisema «hapana» akaenda. Sisi tuliopita seminari tunamsoma Rycker kwa aibu, maana twamfahamu. Siku hizi hana lazima ya kuwa Mzungu. Huketi barazani kwake Dominika baada ya Misa, na mtumishi wake hajalipwa mwezi wa tatu.

Wako wengine wanaosema: «Mwingereza ameandika, basi ndivyo maisha ya ukoloni yalivyokuwa.» Hao nao wamekosa. Wazungu katika kitabu hicho wana majina, hasira, dhambi na mazungumzo marefu. Kati ya weusi, mmoja ndiye tunayemkaribia: Deo Gratias, mkoma asiye na vidole, mtumishi wa mgeni. Usiku mmoja anaingia msituni kutafuta mahali paitwapo Pendele, pa furaha ya utoto wake. Pendele ni wapi? Msomaji haambiwi. Mgeni alifika mlangoni pa moyo wa mtu mweusi, akaona umefungwa, akapita. Tunamsifu kwa kuwa hakujisingizia kuwa ameingia.

Lakini ndani ya mlango huo mlikuwa na maisha. Wazee wetu walikatazwa kutembea usiku katika mtaa wa Wazungu bila ruhusa. Tangu mwaka 1948 kulikuwa na cheti cha serikali kwa mweusi aliyehesabiwa kuwa ameendelea, na ili kukipata mtu mzima alichunguzwa mwenendo na nyumba yake kama mtoto wa shule. Mama waliuza chikwangue alfajiri. Makatekista walitembea kwa miguu kutoka kijiji hata kijiji. Ni nani angemwonyesha mgeni mambo hayo? Hakujua lugha, alilala misioni, akaondoka baada ya majuma machache.

Basi kosa si la mgeni. Kosa ni letu. Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917, wa kwanza katika Kongo ya Wabeleji, alikuwa bado seminari alipoandika juu ya akili na desturi za watu wake, na maandiko yake yalianza kupigwa chapa mwaka 1910. Alikuwa na kalamu na wino tu. Sisi tuna shule na karatasi tele, na wazee waliouona mwaka 1959 wakiwa watu wazima wanazikwa kila juma. Tunawaimbia vizuri, tunarudi nyumbani, na hakuna aliyewauliza neno.

Tuache kulalamika kwamba wageni wametuandika vibaya. Jioni ya leo, ndugu, chukua daftari, keti karibu na babu yako, umwulize Pendele yake iko wapi.