Ngumi ya sinema na ngumi ya njiani

Ndugu mfanyakazi, usalama wako hauishi pale unapovua kofia ya kazi na buti. Siku ya mshahara, giza likiingia, wengi wetu tunarudi kwa miguu kupitia Birere ao Ndosho, feza mfukoni. Basi leo tuongee juu ya kupigana.

Bruce Lee alikufa mwaka 1973, lakini katika vyumba vya video vya mitaani kung-fu haijafa. Tazama vizuri. Watu kumi wanamzunguka mmoja, nao wanamjia mmoja mmoja kama mama wanaopanga mstari kwenye bomba la maji! Kila pigo limefanyiwa mazoezi, ngumi inapita kando ya shavu, kamera inaficha nafasi iliyobaki, na mlio wa pigo unaongezwa baadaye. Hiyo ni ngoma, na ni ngoma nzuri. Lakini kijana anatoka mle akiamini kwamba teke moja linaangusha kisu.

Mchezo ni jambo lingine. Judo, aliyoianzisha Kano Jigoro huko Japani mwaka 1882, ina jasho la kweli na maumivu ya kweli. Hata hivyo kuna mkeka, kuna mwamuzi, watu wanapangwa kwa uzito, na ukigonga mkeka mwenzako anakuachilia. Wazee wanakumbuka Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974: Foreman alianguka katika raundi ya 8 mbele ya Ali, mwamuzi akahesabu, ikaisha. Njiani nani atakuhesabia? Nani atakupa dakika moja ya kupumua?

Njiani bandi hayuko peke yake, na kisu chake hukioni mpaka kimeingia. Tena vita vya Januari 2025 viliacha bunduki nyingi mikononi mwa watu hapa Goma. Mkanda mweusi hauzuii risasi. Kwa maoni yangu, mwalimu anayefundisha kijana kunyang'anya kisu kwa mkono mtupu anamuuzia kifo. Toa simu, toa feza, rudi nyuma polepole, usimkazie macho. Feza utazitafuta tena. Kama anataka kukuchukua wewe mwenyewe, hapo ndipo upige kelele, upige popote, ujinasue, ukimbie. Na kabla ya hayo yote, rudini wawili watatu, badilisheni njia, wala usihesabu noti mbele ya duka la pombe.

Sisemi mchezo hauna faida. Judo inafundisha jambo moja ambalo kila mchimbaji angepaswa kulijua: kuanguka. Kidevu kifuani, mgongo wa mviringo, mkono unapiga chini, kichwa hakigusi. Wangapi kati yetu wanateleza kwenye ngazi yenye maji? Ningependa wakubwa watupatie mikeka kuliko televizyo mpya ya kantini. Maana katika ugomvi, mara nyingi si ngumi inayoua, ni kichwa kugonga ardhi, na ardhi yetu ni mawe meusi ya Nyiragongo. Mwenzako aliyegonga kichwa, akitapika, akisinzia ovyo, ao mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, asilale "apumzike". Hospitali, usiku uleule.

Neno la mwisho ni juu ya mkono wako. Fuvu ni gumu kuliko vidole. Mfupa wa nyuma ya kidole kidogo huvunjika kwa ngumi moja, na mtu wa namna hiyo hashiki mashine ya kutoboa kwa majuma mengi. Na kama umempiga mtu mdomoni, jino likakukata penye kiungo cha kidole, usidharau kidonda kile kwa sababu ni kidogo. Uchafu wa mdomo unaingia ndani ya kiungo na kukiozesha kwa siku chache. Osha kwa maji mengi na sabuni, kisha uende kwa munganga siku ileile, na umwambie kwamba ni jino la mtu. Usimdanganye kwamba ni bati.