Britney Spears: Mashabiki wavinyooshea kidole vyombo vya habari

ALBAMU ya kwanza ya Britney Spears ilipotoka Januari 1999, mwimbaji huyo wa Marekani alikuwa na umri wa miaka 17. Magazeti yalimpamba kwa picha zilizolenga macho ya watu wazima, huku waandishi wakimhoji hadharani kuhusu ubikira wake.

Alipokua, sifa ziligeuka kejeli. Mwaka 2007, akiwa mama wa watoto wawili na ndoa yake imevunjika, alinyoa nywele huku kamera za wapiga picha waliomwandama zikimmulika. Februari 2008 mahakama ya Los Angeles ilimweka chini ya usimamizi wa kisheria, baba yake akiwa miongoni mwa wasimamizi. Amri hiyo ilidumu hadi Novemba 12, 2021.

Hoja ya mashabiki waliopigania uhuru wake ni nzito. Mtu aliyedaiwa kutoweza kujisimamia aliendelea kutoa albamu na kutumbuiza Las Vegas kwa miaka kadhaa. Kwa maoni yao, sura ya mwanamke aliyerukwa na akili, iliyojengwa magazetini, ndiyo iliyowafanya wengi waione amri hiyo kuwa jambo la kawaida.

Hata hivyo, lawama haziishii kwa wahariri. Picha zile zilichapwa kwa sababu ziliuzika, na miongoni mwa wanunuzi walikuwamo mashabiki wenyewe. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.