Santuri za babu zimenifilisi

Haya jamani, nimerudi. Wiki tatu sijaandika kitu na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimefukuzwa kazi au nimeoa. Hakuna hata moja. Nilikwenda Tanga kumwona bibi, nikarudi Dar na sanduku la santuri 41 za marehemu babu. Tangu siku hiyo sina hela, na baba mdogo hapokei simu zangu.

Babu alikuwa dereva wa lori, Tanga na Mombasa kupitia Horohoro. Kila akivuka alirudi na santuri moja au mbili, zile ndogo za 45, zenye wimbo mmoja uliokatwa katikati, Sehemu ya Kwanza upande huu na Sehemu ya Pili upande wa pili. Bendi zetu nyingi zilirekodi kwenye studio ya redio Dar es Salaam, lakini santuri nyingi zilikuwa zikitengenezwa Kenya. Basi ukitaka wimbo wa bendi ya nyumbani kwenu Tanga, unaununua Mombasa! Sanduku lake lina Morogoro Jazz, Simba Wanyika, Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, na Franco kadhaa. Halina kitu chochote kilichotoka baada ya mwanzo wa 1977. Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, Jumuiya ikiwa inavunjika, na haukufunguliwa mpaka 1983. Babu alipangiwa safari za Arusha, na sanduku likaishia hapo.

Sasa tuje kwenye ubishi. Pale kazini kuna jamaa wawili watatu ambao siku hizi wamekuwa mabingwa wa santuri. Watakwambia CD ni sauti iliyokufa, santuri ina uhai, santuri ina joto. Nimewasikiliza, nikajinunulia pleya, nikakaa nayo mwezi mzima, na leo nasema bila woga: kwa masikio matupu, CD inashinda. Tena inashinda mapema.

Hebu fikirini inavyofanya kazi. CD, tangu Sony na Philips walipoitoa 1982, inapima sauti mara 44,100 kwa sekunde. Sikio la binadamu, hata la kijana asiyeharibiwa na spika za daladala, linaishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Maana yake kinachosikika karibu chote kimo. Kinachoisoma ni mwanga, hakuna kitu kinachogusana na kitu. Santuri inasomwa na sindano ya almasi inayoburuzwa ndani ya mfuo mwembamba kuliko unywele, na mfuo huo unachukua vumbi, mafuta ya vidole, na nywele za paka wa bibi. Kila uchafu una sauti yake. Santuri za babu zinachemka kama mafuta ya maandazi. Ukiweka CD za ule mfululizo wa Zanzibara, ambao Wafaransa wa Buda Musique walikusanya taarabu na dansi la zamani la kwetu, unasikia mpaka gitaa la pili linafanya nini nyuma. Kwenye santuri zangu gitaa la pili nalikisia.

Na gharama? CD naiweka kwenye deki ya zamani ya DVD ambayo ipo nyumbani toka niko sekondari. Gharama yake sifuri. Pleya ya santuri, iliyotumika, nimeinunua Kariakoo 280,000. Nikafika nyumbani nikagundua haitoi sauti mpaka uwe na amplifaya yenye sehemu maalumu ya kuipokea, 120,000 nyingine. Fundi akaiangalia sindano, akacheka. Imekwisha, akasema, ukiendelea nayo itachimba santuri kama jembe. Sindano mpya nimemwagiza rafiki aliyekuwa Nairobi, 95,000. Spika nimeazima, na mwenyewe ameshaanza kuziulizia. Mnaojua mshahara wa mwandishi anayelipwa kwa habari iliyotoka mtaelewa kwa nini mwezi ule nilikuwa nakula chapati na chai asubuhi, mchana, na usiku naruka.

Halafu kuna gharama ambayo wale mabingwa hawaitaji kabisa, nayo ndiyo inayoninyima usingizi. Santuri inalika kwa kusikilizwa. Kila sindano inapopita, mfuo unachakaa kidogo. Kwa pleya nzuri ni kidogo sana. Ila babu alikuwa na gramafoni ya betri yenye mkono mzito, na wimbo aliopenda kuliko zote ameupiga miaka na miaka. Kwa hiyo santuri iliyopendwa zaidi ndiyo iliyoharibika zaidi. Ambazo hakuzipenda ziko safi, zinang'aa kama jana.

Wimbo wenyewe ni upi? Hatujui. Lebo imeliwa na unyevu pande zote mbili, imebaki rangi ya kijani na namba tatu. Bibi anasema ni Jamhuri Jazz, maana alicheza nao wimbo huo siku babu alipomtongoza. Mzee jirani anaapa ni Atomic. Hawa wawili wamebishana miaka mingi, na mjue Tanga ya wakati ule Atomic na Jamhuri ilikuwa kama Simba na Yanga. Nimetafuta kwenye intaneti kwa maneno yake, sijaupata. Nimeusikilizisha kwa mtangazaji mmoja mstaafu, akaimba kiitikio chote, jina la bendi likamkatalia. Kwa ninavyojua mimi, wimbo huo uko kwenye sahani moja tu, na sahani hiyo iko chini ya kitanda changu Mabibo.

Hapo ndipo baba mdogo anapoingia. Kuna mnunuzi wa nje amempata kupitia mtu, anataka sanduku zima kwa dola. Santuri zimerudi kwa kishindo huko kwao. Marekani mwaka 2022 ziliuzwa nyingi kuliko CD kwa idadi, mara ya kwanza tangu 1987, na watu wa aina hiyo wanazitafuta za Afrika kama madini. Mimi nilipokataa, baba mdogo aliniambia, "Wewe mwanangu una degree, mama yangu ana paa linalovuja. Utaliziba kwa muziki?"

Sikuwa na jibu, na sijifanyi kwamba ninalo. Paa linavuja kweli, nimelala chini yake. Ni rahisi sana sisi wa mjini kulia kwamba urithi unauzwa, wakati hatujatuma hata bati moja. Ninachokipinga ni jambo dogo tu: kuuza kabla ya kunakili. Mnunuzi akishaichukua ile sahani ya kijani ataiweka rafu gani, nchi gani, na nani kwetu atausikia tena wimbo ule? Nimeomba nipewe mpaka mwisho wa masika.

Kwa hiyo kila usiku naosha santuri moja kwa maji yasiyo na chumvi na kitambaa laini, naipiga mara moja tu, kompyuta inarekodi. Nanakili kwa vipimo vilevile vya CD, na nachoma CD mbili mbili. Najua CD za kuchoma nazo hufa, rangi yake huchakaa kwa joto na jua, kwa hiyo naweka pia kwenye diski mbili, moja kwangu na moja kwa dada. Nimefika santuri ya 26. Ile ya kijani nilianza nayo. Nilisafisha mikwaruzo niliyoweza, nikaunganisha sehemu mbili zikawa wimbo mmoja wa dakika sita na nusu. Nilijisikia fundi kwelikweli.

Wiki iliyopita nikaipeleka Tanga. Bibi akakaa kwenye mkeka, deki ikawashwa. Ilianza vizuri, akawa anaimba pole pole macho kafumba. Ulipofika pale Sehemu ya Kwanza inapoishia, akanyamaza na kujiinua kidogo, kama mtu anayesubiri mwenzake ainuke. Wimbo ukaendelea moja kwa moja. Akafungua macho.

"Mume wangu, umegeuza saa ngapi?"

Nikamweleza kwamba CD haigeuzwi. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema sauti ni safi kuliko ya babu yako. Kisha akanisimulia kitu ambacho hajawahi kunisimulia: kwamba kugeuza ilikuwa kazi ya babu, na akirudi kutoka kugeuza ndipo alikuwa anamshika mkono wacheze sebene. Kama amechoka na safari hageuzi, wimbo unaishia nusu, wanalala. Nimeishi na bibi huyu tangu niko mdogo na sikuwahi kulijua hilo. Lilikuwa limejificha katika ule ukimya wa katikati, ambao mimi kwa ufundi wangu nimeufuta.

Nimerudi Dar nikautengeneza upya. Nimeurudishia pengo lake, sekunde 20, na mlio wa sindano ikinyanyuliwa.

Baba mdogo bado hapokei simu. Bati kumi nimeshazilipia kwa mkopo, zitatoka Jumamosi na basi la mchana. Na ninyi wasomaji wangu mlio na wazee waliocheza dansi Tanga kabla ya 1977, naomba mniandikie nami nitawatumia kipande cha kuwasikilizisha. Unaanza na gitaa peke yake, halafu tarumbeta mbili, na mwimbaji anamlalamikia mwanamke aliyepanda treni ya Moshi bila kuaga. Jamhuri au Atomic?