Mwendo wa Treni na Mzigo wa Mlima

Tangu treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, sifa moja imerudiwa kuliko zote, nayo ni mwendo wake. Kilomita 160 kwa saa ni mwendo wa kufurahisha kwa watu waliozoea kushinda njiani, wala hapana haja ya kuwanyima furaha yao. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wajapani walifungua njia yao ya Tokyo na Osaka mwaka 1964 kwa mwendo wa kilomita 210 kwa saa. Kama thamani ya reli ni mwendo, Afrika Mashariki imechelewa miaka sitini na haina la kujivunia. Thamani ya reli imo katika kile inachokipakia, na mahali inapokipakia.

Kipimo hiki ndicho kinachosahauliwa sasa, wakati reli hiyo inapotakiwa kuvuka mpaka. Mkataba wa kujenga njia ya kutoka Uvinza hata Musongati, Burundi, ulitiwa saini mwaka 2025. Wanaoisifu hutaja nikeli upande mmoja na bandari upande wa pili, katikati hapatajwi. Asikiaye hudhani kuwa nchi iliyo baina ya mgodi na bahari ni jangwa la kupitiwa tu.

Morogoro ina haki ya kuyakataa mawazo hayo, kwa kuwa imekwisha kuyaona mara mbili. Reli ya Wajerumani ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Mashamba ya mkonge yalistawi kandokando yake. Lakini Mluguru wa milimani aliendelea kuushusha mzigo wake kwa kichwa. Kisha ikaja TAZARA, iliyojengwa baina ya 1970 na 1975. Upana wake, milimita 1,067, ulichaguliwa ili upatane na reli za Zambia, na uchaguzi huo ulikuwa na maana. Lakini reli ya zamani ya Tanzania ilikuwa na upana wa milimita 1,000. Njia hizo mbili zilikutana Kidatu, katika mkoa huu huu, zisiweze kuungana: milimita 67, upana usiofika vidole vinne, zikalazimisha shehena ishushwe huku na kupakiwa kule. Reli iliyopatana na jirani wa mbali haikupatana na ndugu yake. Na leo reli mpya, yenye milimita 1,435, yapita Morogoro pamoja na ile ya zamani; Kidatu yaweza kuzaliwa tena.

Yuko atakayejibu kuwa treni ikisimama kwa kila kikapu cha kabichi haitafika Burundi. Jibu hilo lina nguvu, lakini halijibu lililoulizwa. Hapana aombaye treni isimame kila kijiji. Liombwalo ni kituo kimoja cha shehena chini ya mlima, chenye ghala na chumba cha baridi, na nauli ambayo mwenye magunia kumi aweza kuilipa. Atajibu tena kuwa lori laifikisha mboga ya Mgeta Kariakoo bila ya msaada wa reli. Ni kweli, na kwa safari fupi lori litashinda daima, kwa kuwa halipakuliwi mara mbili. Lakini kadiri njia inavyorefuka ndivyo gharama ya kupakia inavyomezwa na umbali. Dodoma na Tabora ni nchi kavu. Uluguru ina mboga, matunda, mdalasini na pilipili manga. Basi kuvuka mpaka, ambako huitwa faida ya bandari na mgodi peke yake, kwaweza kuwa faida kubwa zaidi ya mlima.

Kuna ushahidi mwingine. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ili udongo usichukuliwe na mvua. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Lakini wenye mlima waliamriwa bila ya kuulizwa, na mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, mpango ukavunjika. Jambo jema lililopangwa juu ya vichwa vya watu liligeuka kuwa mzigo juu ya vichwa hivyo hivyo.

Maji ya Uluguru huingia Mto Ruvu, na Dar es Salaam huyanywa. Mlima unaounywesha mji ulio mwisho wa reli haustahili kupewa vumbi na mlio wa treni kuwa ndiyo malipo yake. Wapangao njia ya Burundi na waipime kwa swali hili: ikipita Morogoro, itapakia nini, cha nani, na kwa nauli gani? Wasipokuwa na jibu, watakuwa wamejenga daraja refu kati ya mgodi na meli, na kuwaacha chini yake wenye nchi.