Pimeni juu ya paa, si barabarani

Watu wanapogombana kuhusu antena za simu, swali huwa moja: je, sisi tunaoishi na kufanya kazi chini yake tuko salama? Swali ni la haki, na jibu lake limejulikana kwa muda mrefu. Swali lisiloulizwa ni la yule fundi anayepanda paani kuziba tangi linalovuja, akaweka kisanduku chake cha spana mbele ya antena na kuendelea na kazi hapo mpaka adhuhuri. Sisi twasema huyo ndiye wa kupimiwa kwanza, na Biashara Street hapa Mombasa ni mahali pazuri pa kuanzia.

Tuanze na walio chini. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa vipimo vilivyofanywa wakati huo vilionyesha mawimbi yanayowafikia watu kutoka vituo vya simu ni kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya kiwango cha juu kinachoruhusiwa kimataifa. Antena hutupa mawimbi mbele yake, karibu sambamba na ardhi, yakiinama kidogo tu; aliye chini yake hupata mabaki. Tena nguvu hiyo hupungua upesi: umbali ukiongezeka mara mbili, kinachobaki ni robo. Fundi wa cherehani anayepinda leso barazani, muuza vikoi na msukuma mkokoteni hawana sababu ya kukosa usingizi kwa ajili ya antena iliyo juu yao.

Twajua kwamba mwaka 2011 IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikaleta saratani lakini ushahidi wake ni haba. Katika kundi hilo limo pia dondoo la jani zima la alovera. Hatusemi hivyo kwa dhihaka, utafiti uendelee. Lakini mtu akikuonyesha "2B" kwenye simu yake na kukwambia mtaa mzima umeshakwisha, ujue hakusoma mpaka mwisho. Mwaka 2020 Uingereza minara ilichomwa moto kwa uvumi kwamba 5G ndiyo iliyoleta korona. Uvumi wa namna hiyo hustawi pale watu wanapouliza namba na kujibiwa kwa maneno ya kuwatuliza.

Sasa tupande ngazi.

Kenya, kama nchi nyingi, huangalia viwango vya tume ya wanasayansi iitwayo ICNIRP, vilivyotolewa 1998 na kupitiwa upya 2020. Kwa masafa ya megahezi 900, ambayo simu zimeyatumia kwa miaka mingi, mtu wa kawaida hapaswi kupata zaidi ya wati 4.5 kwa kila mita mraba. Mfanyakazi aliyefunzwa ameruhusiwa mara tano zaidi, wati 22.5. Chukua antena ya mfano inayotupa mbele nguvu iliyo sawa na wati 1,000. Ukipiga hesabu, mpaka wa mtu wa kawaida uko mita 4.2 mbele ya antena hiyo, na mpaka wa mfanyakazi aliyefunzwa uko kama mita 1.9. Umbali wa mita 50, hata ukisimama kwenye njia ya mawimbi yenyewe, hufiki asilimia moja ya kiwango. Ndiyo maana vipimo vya barabarani havimwambii lolote aliye paani. Yeye yumo ndani ya zile mita chache ambazo hesabu hubadilika kwa kila hatua.

Na hiyo ni antena moja yenye masafa mamoja. Siku hizi kifaa kimoja hubeba masafa kadhaa kwa pamoja, na paa moja laweza kubeba kampuni mbili au tatu. Mipaka hiyo husogea mbele, wakati mwingine kwa mita nyingi, na hakuna alama ya chokaa sakafuni inayosogea nayo.

Tatizo lenyewe liko katika zile mara tano. ICNIRP haikuwapa wafanyakazi kiwango kikubwa kwa sababu miili yao ni ya chuma. Iliwapa kwa sharti kwamba ni watu wazima waliofunzwa, wanaojua kinachowazunguka na namna ya kujikinga. Fundi wa kampuni ya simu ni mfanyakazi kwa maana hiyo: ana mafunzo, anajua namba ya kupiga ili nguvu ipunguzwe, na pengine amevaa kifuani kipimo kidogo kinacholia akikaribia hatari. Fundi wa bomba hana hata kimoja. Wala mpaka rangi, fundi wa AC, mfungaji wa dishi, mwashi au kijana aliyetumwa kuanua nguo hana. Kwa vipimo, hawa ni watu wa kawaida, na kiwango chao ni kile kidogo. Kwa kazi yao, husogea karibu kuliko yeyote. Anayestahili kinga zaidi ndiye asiyejua kwamba kuna cha kujikinga nacho.

Madhara yanayojulikana ni joto. Mawimbi haya hayavunji chembe za mwili kama eksirei. Huupasha moto mwili kutoka ndani. Wataalamu waliona kwamba mwili mzima ukifyonza kama wati 4 kwa kila kilo, joto lake hupanda kwa takriban digrii moja. Wakaweka kiwango cha wafanyakazi kuwa sehemu ya kumi ya hiyo, wati 0.4, na cha watu wa kawaida wati 0.08. Sehemu ya akiba hiyo ni kwa ajili ya wanaofanya kazi nzito mahali pa joto. Mtu aliyewahi kukaa juu ya zege la paa mwezi wa Februari Mombasa, jua la utosini na hewa imejaa unyevu, hahitaji kuelezwa jinsi mwili unavyopigania kupoa. Macho yako hatarini zaidi kwa sababu lenzi ya jicho haina damu ya kuipoza. Anayetumia kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo naye ana sababu ya pekee ya kukaa mbali.

Haki itendeke: juu ya paa kuna vinavyoua haraka kuliko antena. Kuanguka huua, na stima huua. Hatumtaki fundi yeyote akimbie mawimbi kinyumenyume mpaka ukingoni. Lakini ukingo anauona na waya ulio wazi anaujua. Wimbi halionekani, halinuki, na joto lake huhisiwa kukiwa kumeshachelewa.

Kipimo kizuri hufanywaje? Kwanza, papo hapo. Hesabu ya karatasini haijui kwamba kwenye paa hili kuna mabati, fremu ya chuma ya tangi na mabomba, na kwamba vyuma hurudisha mawimbi na kuyalimbikiza mahali pamoja. Kifaa cha kupimia hushikwa kwenye urefu wa magoti, kifua na kichwa, kikapelekwa pale ambapo mtu husimama kweli: penye mfuniko wa tangi, penye AC, kwenye ngazi. Husomwa kwa dakika kadhaa na kutafutwa wastani. ICNIRP ya 2020 hutumia dakika 30 kwa mwili mzima na dakika 6 kwa sehemu ya mwili. Kuna vifaa vinavyotoa namba moja ya jumla na vingine vinavyotenganisha masafa, vikaonyesha ni antena ipi inayochangia nini. Kwenye paa lenye kampuni zaidi ya moja tunataka hicho cha pili, ili kila mmoja abebe mzigo wake bila kumtupia jirani.

Pili, na hapa ndipo Biashara Street inapotofautiana na mtaa mwingine, kipimo kina saa yake. Kituo cha simu hakitoi nguvu ile ile mchana na usiku. Kikiwa na wateja wachache hutoa kidogo; mtaa ukijaa, watu wakipiga simu, wakilipa kwa M-Pesa, wakimtumia dada picha ya leso ili achague jina na rangi, nguvu hupanda. Kila Mmombasa anajua mtaa huu hujaa lini: kumi la mwisho la Ramadhani, usiku baada ya tarawehe, watu wanapobanana kutafuta nguo za Idi mpaka pikipiki haina pa kupita. Anayekuja kupima Jumapili asubuhi, milango ya maduka imefungwa, amepima mtaa uliolala. Na siku hizo za kuelekea Idi ndizo ambazo wenye nyumba huita wapaka rangi na mafundi wa kila aina. Nguvu ya antena na idadi ya watu walio karibu nayo hupanda pamoja.

Jambo la tatu ni majirani. Majengo ya upande huu wa kisiwa hayalingani kimo. Hili lina gorofa mbili, la pili nne, na katikati yake hapapiti hata mkokoteni. Antena iliyofungwa juu ya jengo fupi yaweza kuwa inatazama dirisha la jengo refu lililo mkabala. Mwenye kiwanja akiongeza gorofa mbele ya antena iliyopimwa miaka mitatu iliyopita, kipimo kile kimeshapitwa, na waashi wa gorofa mpya ndio watakaokuwa wa kwanza kusimama kwenye njia ya mawimbi. Miji ya kale duniani, kwa kulinda sura yake, huruhusu antena zifichwe nyuma ya vibao vya plastiki vilivyopakwa rangi ya ukuta. Mji wetu wa Kale nao unastahili sura yake. Ila antena iliyofichwa bila kibandiko ni mtego kwa mpaka rangi, ambaye ataiegemeza ngazi yake hapo akidhani ni ukuta.

Minara ya redio za FM ina hadithi yake. Masafa yake, megahezi 87.5 hadi 108, yako karibu na yale ambayo mwili wa binadamu huyafyonza kwa wingi zaidi, ndiyo maana kiwango chake ni kikali: wati 2 kwa mita mraba kwa mtu wa kawaida na wati 10 kwa mfanyakazi. Mpandaji wa mnara wa aina hiyo hupita katikati ya antena zenyewe. Hapo hatuna mjadala: nguvu ishushwe au izimwe kabla mtu hajapanda, hata kama wasikilizaji watakosa taarabu kwa saa moja.

Sheria haikosekani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka anayemiliki mahali pa kazi ahakikishe usalama wa watu wote wanaofanya kazi hapo, na haikusema walioajiriwa naye tu. Mwenye nyumba aliyekodisha paa lake kwa antena, kisha akamwita fundi wa tangi, amemleta mtu mahali pa kazi penye hatari anayoijua. Kampuni iliyofunga antena nayo haiwezi kujificha nyuma ya mwenye nyumba. Mamlaka ya Mawasiliano inasimamia masafa, NEMA inaangalia athari kwa mazingira, na wakaguzi wa kazi wako chini ya idara ya usalama kazini. Ni ofisi tatu, na hofu yetu ni kwamba mtu wa paani anapita katikati yao, kila mmoja akidhani yu mikononi mwa mwenzake.

Tunachotaka si kikubwa. Wakaguzi wa kazi walihesabu paa lenye antena kuwa mahali pa kazi, na walikague hivyo. Mlango wa ngazi ya paa uwe na kufuli na kibao cha Kiswahili kinachotaja ni mita ngapi mtu akae mbali na antena. Pembetatu ya manjano yenye maneno ya Kiingereza na mchoro wa mawimbi haimtoshi mtu aliyeshika ndoo ya rangi. Pawe na namba ya simu inayopokewa, ya kuomba nguvu ipunguzwe kwa saa mbili za kazi. Matokeo ya vipimo yawekwe wazi, paa kwa paa, kwa kuwa Katiba kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari na hatuoni siri ya biashara iliyo katika wati kwa mita mraba.

Gharama? Alipe mwenye antena. Ndiye anayejua nguvu anayoitoa, ndiye anayeibadilisha anapoongeza masafa mapya, na paa hilo analilipia kodi kwa sababu lina faida kwake. Kila anapoongeza kifaa, kipimo kirudiwe kabla fundi mwingine hajapanda. Nao wenye nyumba wa Biashara Street waandike sharti hilo kwenye mkataba wa kukodisha, na wasimkabidhi mtu ufunguo wa paa kabla hawajapiga ile namba na kujibiwa.