Mstari Wako wa Asilimia Unatudanganya

Wasee, kuna uongo mmoja tumeuzoea mpaka hatuuoni tena. Ni ule mstari unaojaa polepole kwenye ukurasa ukituambia asilimia 10, 40, 80. Unapakia cheti, mstari unakimbia mpaka 99, halafu unakwama hapo. Dakika mbili. Dakika tano. Hujui kama ungoje, ufunge, ama uanze upya. Na bando inazidi kuisha.

Mimi ulinimaliza jioni ya siku ya mwisho ya kutuma maombi fulani. Niko saiba, mtandao unajikokota, watu wamepanga foleni nyuma yangu. Mstari ukafika 100, ukageuka kijani. Nikalipa, nikaenda zangu nyumbani nikiwa na raha. Faili haikuwa imefika.

Baadaye nikaufungua msimbo wa ukurasa ule kwenye kivinjari nione kulienda aje. Manze! Ilikuwa ni setInterval tu, yaani saa inayohesabu: kila nusu sekunde, ongeza 5. Piga hesabu mwenyewe. Sekunde 10, mstari umejaa, uwe umetuma faili ama umeng'oa waya. Ule mstari haukujua chochote kuhusu cheti changu. Ni kama ile matatu unaingia ukiona imejaa, kumbe nusu ya abiria ni vijana wa steji wamewekwa hapo kukuvuta.

Na si ati ukweli ni kazi ngumu. HTML ina kitu kinaitwa progress, chenye value na max. JavaScript inabadilisha value, mstari unasonga. Swali ni moja tu: hiyo namba umeitoa wapi? Ukituma faili kwa XMLHttpRequest, kivinjari chenyewe kinakuletea tukio la progress kwenye upload, na ndani yake kuna loaded, baiti zilizokwisha kwenda, na total, jumla yake. Gawanya, zidisha kwa 100. Faili ni MB 4, imeenda MB 1, andika 25. Ni mistari kama mitatu ya msimbo. Kudanganya hakukuokolei hata dakika tano.

Najua mtanijibu nini. "Watu wanapenda kuona kitu kinasonga." Kweli kabisa. Mwaka 1985 Brad Myers, akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Toronto, alionyesha kwamba watu wanapendelea programu inayowaonyesha kazi imefika wapi. Lakini waliupenda mstari kwa sababu unawaambia kitu. Ukiondoa ukweli, unabaki na rangi inayotembea.

"Wakati mwingine jumla haijulikani." Sawa, hutokea, hasa unapopakua kitu na seva haijasema ukubwa wake. Kivinjari kitakuambia lengthComputable ni false. Basi ondoa value kabisa. Mstari utacheza huku na huku bila namba, na maana yake ni: nafanya kazi, sijui nitamaliza saa ngapi. Hiyo naikubali. Fundi akiniambia hajui gari itakuwa tayari lini, nitapanga siku yangu. Akiniambia "kesho" kila siku, tutakosana.

"Lakini siku hizi tunatumia fetch." Fetch haikupi tukio la kufuatilia faili inavyopanda. Basi kwa kazi hiyo moja rudi kwa XMLHttpRequest. Ni ya kizamani, eeh, lakini inasema ukweli.

Halafu hata ukitumia namba za kweli, usikimbilie kijani. Asilimia 100 ya baiti inamaanisha zimetoka kwangu. Haimaanishi zimepokelewa, zimehifadhiwa, zimekubaliwa. Hapo andika "Imetumwa, tunangoja jibu." Seva ikijibu kwamba imepokea, ndiyo uweke kijani. Ikikataa, ama mtandao ukikatika, sema wazi kwa maneno na unipe kitufe cha kujaribu tena. Ningeliona neno "imeshindikana" jioni ile, ningebaki kwa kile kiti mpaka wanifungie.

Sasa niwaambie kinachoniuma zaidi. Huu uongo hauwapati watu wote sawa. Developa anajaribu ukurasa wake ofisini, Wi-Fi inapepea, faili inafika kwa sekunde 2. Mstari wake wa sekunde 10 unaonekana poa, faili iko ndani kitambo. Anayeumia ni yule dada wa kijijini anayetafuta mtandao chini ya mwembe, na yule kijana aliyenunua bando ya saa moja. Kwao sekunde 10 hazitoshi hata robo ya faili. Mwenye mtandao wa kasi anadanganywa bila hasara. Mwenye mtandao wa shida analipia ule uongo kwa pesa na kwa nafasi.

Kwa hivyo, developa wenzangu, kabla hujaachilia ukurasa wako, nenda kwenye zana za Chrome, punguza kasi ya mtandao kwa makusudi, kisha pakia faili. Katikati, kata mtandao kabisa. Kama mstari bado unasonga, wewe ni mwongo, na kuna mtu ataamka kesho akidhani ametuma maombi.

Haya, nipingeni hapo chini. Lakini njooni na msimbo wenu mkononi.